Kemron: dawa iliyotangazwa kabla ya kupimwa

Mwezi Julai 1990, jijini Nairobi, Rais Daniel arap Moi alizindua rasmi dawa iliyoitwa Kemron. Watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, wakiongozwa na mkurugenzi wake Dkt. Davy Koech pamoja na Profesa Arthur Obel, walikuwa wameeleza kwamba wagonjwa wa UKIMWI walioitumia walipata nafuu kubwa: homa zilipungua, hamu ya kula ilirudi, kilo ziliongezeka. Zaidi ya hayo, walisema baadhi ya wagonjwa hao walipopimwa tena, vipimo havikuonyesha tena dalili ya virusi.

Ili kuelewa uzito wa maneno hayo lazima turudi katika mwaka wenyewe. Mwaka 1990 dawa za kupunguza makali tunazozijua leo hazikuwepo. Iliyokuwepo ni AZT, ambayo ilipoanza kuuzwa Marekani mwaka 1987 gharama yake ilikuwa takriban dola 10,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Kwa mgonjwa wa Kisumu, Bukoba au Masaka hiyo ilikuwa sawa na kumwambia hakuna dawa. Familia zilikuwa zinazika. Halafu ikaja habari kwamba dawa imepatikana, imepatikana hapa nyumbani, inayeyuka mdomoni na wala haihitaji sindano. Sioni sababu ya kumlaumu mtu yeyote aliyeamini siku ile. Ninaowauliza maswali ni wale waliokuwa na nafasi ya kupima kwanza na hawakupima.

Tuanze na dawa yenyewe. Kemron ilikuwa intaferoni alfa ya dozi ndogo. Intaferoni ni protini ambayo mwili wa binadamu huitengeneza unapovamiwa na virusi. Aina yake iitwayo alfa ilikuwa tayari imeingia hospitalini: mwaka 1988 Marekani iliidhinisha itumike kwa wagonjwa wa UKIMWI waliopata saratani ya Kaposi. Lakini ilitolewa kwa sindano, tena kwa dozi ya mamilioni ya yuniti, na iliwachosha wagonjwa kwa homa na maumivu ya mwili. Kemron ilikuwa kinyume cha hayo. Dozi yake ilikuwa yuniti mia na kitu tu kwa siku, na ilipewa kwa njia ya mdomo.

Wazo hilo la dozi ndogo halikuzaliwa Nairobi. Lilitoka kwa Joseph Cummins, daktari wa mifugo wa Amarillo, Texas, aliyekuwa ameijaribu intaferoni ya mdomoni kwa wanyama, wakiwemo paka wenye virusi vya saratani ya damu. Malighafi ilitoka kampuni ya Hayashibara ya Okayama, Japani. Nayataja haya kwa sababu Kemron iliuzwa kwa umma kama ugunduzi wa Kenya tupu, na baadaye ikashambuliwa kama ugunduzi wa Kenya tupu. Ukweli ni kwamba ilikuwa kazi ya mabara matatu, na makala ya kwanza kubwa kuihusu ilibeba majina ya Koech, Obel, Cummins na wenzao wa Japani na Marekani kwa pamoja.

Makala hiyo ilitoka mwaka 1990 katika jarida la Molecular Biotherapy, nayo ilieleza habari za wagonjwa 40. Mwezi uleule wa uzinduzi, Julai, East African Medical Journal nalo lilitoa toleo la nyongeza lenye makala kadhaa za Koech na Obel juu ya Kemron, moja ikizungumzia wagonjwa 32. Kwa hiyo anayesema Kemron haikuwahi kuchapishwa anakosea. Ilichapishwa, na katika majarida ya kitaaluma. Ndiyo maana kisa hiki kinafundisha zaidi kuliko visa vya waganga wanaouza chupa barabarani. Hapa palikuwa na taasisi ya serikali, madaktari waliosoma, takwimu na majarida, na bado jibu lililotoka halikuwa sahihi.

Tatizo lilikuwa wapi? Katika utafiti wa wagonjwa 40 hapakuwa na kundi la kulinganisha. Wote walipewa dawa, kisha watafiti wakaandika kilichotokea. Msomaji wa kawaida atauliza: kama mtu alikuja amebebwa na sasa anatembea, unataka ushahidi gani mwingine?

Swali hilo ni la haki na linastahili jibu refu. UKIMWI haushuki kwa mstari mmoja kama maji ya mtaro. Mgonjwa hushuka, akapanda, akashuka tena. Anakwenda hospitali siku ambayo hali yake ni mbaya kuliko zote, na baada ya siku mbaya kuliko zote mara nyingi hufuata siku iliyo nafuu kidogo, uwe umempa dawa au hujampa. Akishaingia katika utafiti anapata mambo ambayo hakuwa nayo: daktari anayemwona kila mara, matibabu ya fangasi za mdomoni, ya kuhara, ya kifua, na mtu wa kumwambia kwamba kuna matumaini. Anaanza kula. Akila, kilo zinapanda. Chembe za CD4 nazo, ambazo watafiti walizihesabu kama kipimo cha kinga, hubadilika asubuhi na jioni ndani ya mtu yuleyule, na hubadilika zaidi kati ya maabara na maabara. Ukikusanya hayo yote na kuyaita matokeo ya intaferoni, huenda uko sahihi na huenda hauko. Hakuna namna ya kujua, kwa sababu huna kundi la pili lililopata uangalizi uleule, chakula kilekile na faraja ileile, ila kidonge chake hakina dawa.

Kisha kuna dai la vipimo kurudi hasi. Hilo, kwa maoni yangu, lilipaswa kumsimamisha kila mtu. Vipimo vya wakati ule vilitafuta kingamwili, yaani alama ambazo mwili huzitengeneza dhidi ya virusi. Mtu akishaambukizwa, alama hizo hubaki naye. Ukiona zimetoweka kwa wagonjwa kadhaa baada ya wiki chache za dozi ndogo ya intaferoni, jambo la kwanza la kuuliza ni kuhusu kipimo: kilisomwa sawasawa siku ya kwanza? Damu ni ya mtu yuleyule? Maabara nyingine ikipima bila kujua majina itapata jibu hilohilo? Dai kubwa namna hiyo lilihitaji kurudiwa na watu wasiohusika kabla halijatoka nje ya mlango wa maabara. Badala yake likawa ndicho kichwa cha habari.

Sasa tuje kwenye kazi ya wahakiki, wale wataalamu wanaopelekewa makala na mhariri waisome kabla ya kuchapishwa. Watu wengi, wakiwemo waandishi wa habari wazuri, hudhani muhuri wa jarida unamaanisha jambo limethibitishwa. Mhakiki hasafiri kwenda wodini. Hapimi damu upya wala hafungui mafaili ya wagonjwa. Anasoma alichoandikiwa, anauliza kama mbinu inaeleweka na kama hitimisho linatokana na data iliyowekwa mezani. Akiambiwa kwamba wagonjwa 40 walipewa dawa na wengi walipata nafuu, anaweza kuruhusu makala hiyo ichapishwe kama taarifa ya awali, wengine waisome na wakajaribu. Hivyo ndivyo uchapishaji unavyopaswa kufanya kazi. Makala ya kwanza ni mwaliko kwa wengine waje walikague dai.

Nairobi haikusubiri walioalikwa. Toleo la nyongeza na uzinduzi wa Rais vilikuja katika mwezi mmoja. Hata mtaalamu mwenye nia njema wa Dar es Salaam au Kampala hakuwa na muda wa kulisoma jarida, achilia mbali kuuliza swali, kabla jambo halijawa la kitaifa. Na likishakuwa la kitaifa, nani ndani ya nchi angeuliza kundi la kulinganisha liko wapi? Mwaka 1990 nchini Kenya, kuhoji kitu kilichozinduliwa na Rais halikuwa jambo jepesi. Hapo ndipo naona kosa kubwa kuliko yote katika kisa hiki. Utafiti usio na kundi la kulinganisha ni jambo la kawaida, hufanyika kila siku na hurekebishwa na utafiti unaofuata. Ulipopewa hadhi ya serikali, mlango wa kuurekebisha kwa utulivu ukafungwa.

Linganisha na AZT. Mwaka 1986 Marekani ilifanya jaribio la wagonjwa 282. Walipewa AZT au vidonge visivyo na dawa kwa bahati nasibu, na si mgonjwa wala daktari aliyejua nani kapata nini. Jaribio lilisimamishwa mapema kwa sababu kundi lisilopata dawa lilikuwa limepoteza watu 19, na kundi la AZT mtu 1. Baadaye ikaonekana kwamba AZT ikitumika peke yake nguvu yake hudumu kwa muda mfupi tu, na hilo nalo lilijulikana kupitia majaribio ya namna hiyo. Kulikuwa na ugomvi mkali Marekani kuhusu haki ya kuwapa watu wanaokufa kidonge kitupu, na ugomvi huo ulikuwa wa msingi. Lakini namba 19 kwa 1 hazihitaji Rais wa kuzitetea.

Lingekuwa kosa pia kulisimulia jambo hili kana kwamba haraka ni ugonjwa wa Waafrika. Oktoba 1985, Paris, madaktari wa hospitali ya Laennec waliita waandishi wa habari na kutangaza kwamba saiklosporini, dawa inayopunguza kinga ili mwili usikatae kiungo kilichopandikizwa, inaleta matumaini dhidi ya UKIMWI. Walikuwa wamewatibu wagonjwa wachache mno kwa takriban wiki moja, na walikuwa na baraka za wizara. Haikupita muda mrefu wagonjwa wakafa. Mwaka 1987 Kinshasa, daktari wa Zaire, Lurhuma, na mwenzake wa Misri, Shafik, walitangaza dawa waliyoiita MM1, herufi za Mobutu na Mubarak, marais wa nchi zao. Nayo haikuthibitika. Ufaransa yenye maabara za Pasteur iliteleza palepale tulipoteleza sisi. Kinachofanana katika visa vyote vitatu ni serikali kusimama karibu mno na daktari kabla kazi ya daktari haijakaguliwa.

Hata hivyo Kenya ilikuwa na jeraha ambalo Ufaransa haikuwa nalo. Miaka ile Waafrika walikuwa wakiambiwa kila siku kwamba ugonjwa umetoka kwao, mara kwa nyani, mara kwa tabia zao. Habari ya Nairobi ilikuwa jibu la heshima: kama mmesema umetoka kwetu, basi na dawa itatoka kwetu. Shirika la Afya Duniani liliposema kwamba Kemron bado ni dawa ya majaribio isiyothibitishwa, wengi walisikia sauti ileile ya zamani ya kudharau. Na ni kweli kwamba wako wakosoaji wa nje walioikataa kabla ya kusoma ukurasa mmoja, kwa sababu tu ilitoka Afrika. Dharau hiyo ilikuwa na gharama yake: ilifanya hoja ya kitaalamu ionekane ya kibaguzi. Mjadala ukageuka kuwa wa Afrika na Wazungu, na swali dogo la kundi la kulinganisha likapotea katikati.

Jeraha hilo lilivuka bahari. Marekani, madaktari Weusi walisafiri hadi Nairobi kujionea. Dkt. Abdul Alim Muhammad wa Nation of Islam, jumuiya ya Waislamu Weusi wa Marekani, alirudi Washington na kuanza kuitetea dawa hiyo kwa nguvu. Jamii yake ilikuwa na kila sababu ya kutoiamini serikali: kule Tuskegee, Alabama, kuanzia 1932 hadi 1972, idara ya afya ya serikali iliwaacha wanaume Weusi wenye kaswende bila tiba ili kutazama ugonjwa unavyowamaliza, hata baada ya penisilini kupatikana. Ukiwa na historia hiyo, ukaambiwa na serikali ileile kwamba dawa ya Waafrika haifai, utajibu nini? Mimi nadhani ningesita.

Majibu ya kitaalamu yalianza kuja taratibu. Mwaka 1992 jarida la AIDS lilichapisha jaribio dogo la wagonjwa 29 lenye kundi la kulinganisha, na tofauti haikuonekana. Mwaka huohuo taasisi za afya za taifa za Marekani, NIH, zilikusanya majaribio yaliyokwisha kufanyika na kuona hakuna faida iliyothibitika. Watetezi wakasema dozi haikuwa sawa, kidonge hakikuwa kilekile, walioendesha hawakutaka kifanikiwe. Baada ya shinikizo la miaka, NIH ikakubali kufadhili jaribio jipya, lililoanza 1996. Lilifungwa mwaka uliofuata kwa sababu wagonjwa waliojiandikisha walikuwa wachache. Wakati huo dawa za mchanganyiko zenye nguvu zilikuwa zimeanza kuwatoa watu vitandani, na mgonjwa wa Marekani aliyekuwa na njia ya kuzipata hakuwa na sababu ya kuingia katika bahati nasibu ya Kemron.

Jaribio lililokata shauri lilifanyika Kampala, na ninasikitika kwamba katika masimulizi yetu mengi hutajwa kwa sentensi moja au halitajwi kabisa.

Madaktari wa Uganda Elly Katabira, Nelson Sewankambo na Roy Mugerwa, pamoja na wenzao wakiwemo watu wa Shirika la Afya Duniani, waliandikisha zaidi ya wagonjwa 500 wenye VVU na dalili za ugonjwa. Hawa hawakuwa wageni wa jambo. Sewankambo na Mugerwa walikuwa miongoni mwa walioandika, mwaka 1985 katika The Lancet, makala iliyoueleza ulimwengu juu ya ugonjwa wa kukonda uliokuwa ukiwamaliza watu wa Rakai, ule ulioitwa slim na wenyeji wakatamka silimu. Walikuwa wameuona ugonjwa huu kabla wengi hawajaupa jina. Kama kuna watu waliokuwa na hamu dawa rahisi ya kuyeyuka mdomoni ifanye kazi, ni wao.

Wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipewa intaferoni ya mdomoni yuniti 150 kwa siku, dozi ya aina ileile iliyosifiwa Nairobi. La pili lilipewa kidonge kisicho na dawa. Hakuna mgonjwa wala daktari aliyejua nani yuko wapi hadi mwisho. Fikiria ugumu wa kazi hiyo katika Kampala ya miaka ile: kumfuata mgonjwa anayehama nyumba, kuhakikisha kidonge kimetunzwa vizuri, kupima damu kwa namna ileile mwezi baada ya mwezi, na kuwazika baadhi ya unaowafuata.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1998 katika jarida la Sexually Transmitted Infections. Dawa haikuongeza uhai, haikuzuia ugonjwa kuendelea. Makundi mawili yalikwenda sawa. Kwa hiyo nafuu iliyoonekana Nairobi ingeweza kutokea bila intaferoni, na jaribio lenye upande wa pili ndilo lililoweza kulionyesha hilo.

Miaka minane ilipita kati ya uzinduzi na makala hiyo. Uzinduzi ulisikika hadi Harlem, mtaa wa Weusi jijini New York. Makala ya Kampala ilisomwa na wenye majarida. Hakuna uzinduzi uliofanywa kuwaambia wananchi kwamba ile dawa ilipimwa na haikufaa. Matokeo yake, hadi leo utamsikia mtu mzima, msomi, akisema kwamba Kenya ilipata dawa ya UKIMWI na Wazungu wakaizima. Simlaumu sana. Nusu ya kwanza ya habari aliletewa nyumbani kwa sauti ya Rais, na nusu ya pili iliwekwa mahali ambapo hawezi kufika, kwa lugha ambayo haimhusu, katika jarida ambalo jina lake hajawahi kulisikia.

Hapo ndipo ninapowashika mkono wahariri wetu na maofisa habari wa taasisi za utafiti. Mwaka 1996 Profesa Obel alitangaza dawa nyingine, Pearl Omega, na madai yake hayakuthibitishwa. Aprili 2020 Rais Andry Rajoelina wa Madagascar alizindua kinywaji cha Covid-Organics, na mwezi uliofuata Tanzania ikatuma ndege kukichukua. Katika visa hivi vyote swali lilikuwa lilelile na lingeulizwa kwa Kiswahili cha kawaida kabisa: wangapi walipewa, wangapi hawakupewa, nani aligawa, nani alihesabu, na je, aliyehesabu alijua nani kapewa nini? Mwandishi hahitaji shahada ya tiba kuuliza hayo mbele ya kipaza sauti. Na msemaji wa taasisi asiyeweza kuyajibu hana sababu ya kuitisha mkutano na waandishi siku hiyo.

Kwa taasisi zenyewe nina ombi la kazi. Taarifa ya awali itangazwe kama taarifa ya awali, idadi ya wagonjwa ikiwa kwenye sentensi ya kwanza na ukosefu wa kundi la kulinganisha ukitajwa kabla ya habari ya nafuu. Ikitokea kiongozi wa nchi ameipa dawa jina hadharani, taasisi iwe na wajibu wa kuandika, kwa Kiswahili na katika magazeti yaleyale, matokeo ya kila jaribio lililofuata, yawe mazuri au mabaya. Wagonjwa zaidi ya 500 wa Uganda walitoa damu na miezi yao ili tupate jibu, na wengi wao hawakuishi kuzipata dawa zilizokuja baadaye. Jibu walilotupatia lilitoka kwa madaktari wa Afrika Mashariki, kwa wagonjwa wa Afrika Mashariki. Anayesema Kemron ilizimwa na Wazungu anafuta majina ya Katabira, Sewankambo na Mugerwa, na anaifuta kazi ngumu kuliko zote zilizofanywa juu ya dawa hiyo.